Gundi ya manyoya ya mshale: ipi ununue Buguruni, na uitumieje

Mshale wenye unyoya mmoja uliobanduka hauendi unakotumwa. Unayumba hewani, unapinda njiani, na kama kuna watu karibu unaweza kumpata asiyehusika. Kwa anayechonga mishale ya kuuza, unyoya uliobanduka ni hasara pia: mteja anarudisha mzigo, au harudi tena.

Wanaotuuliza habari hii ni wa aina nyingi. Wapo vijana wanaowauzia wageni mishale na pinde, wapo viongozi wa vikundi vya ngoma, na wapo wazee wanaotaka wajukuu wajue kazi ya mikono kabla haijapotea. Swali lao mara nyingi ni hili: ndugu yangu yuko Dar es Salaam, anapita Buguruni kila siku, nimwambie aninunulie gundi gani?

Jibu fupi ni hili. Kwa ufito wa mti na manyoya ya ndege, gundi nyeupe ya mbao pamoja na uzi inatosha kabisa. Kigumba cha chuma kinataka epoksi. Supa gluu ni msaidizi tu, si ya kutegemewa peke yake. Gundi ya viatu iachie ngozi na mpira. Sababu tunazieleza hapa chini, sehemu moja moja, ili uweze kusoma kidogo kwenye simu na kurudi baadaye.

Gundi ina kazi gani kwenye mshale?

Manyoya ya nyuma ndiyo yanayounyoosha mshale. Mshale unapoondoka kwenye upote, sehemu ya nyuma hutaka kuyumba. Manyoya hushika hewa na kuirudisha nyuma mahali pake, na yakiwa yamepinda upande mmoja huufanya mshale uzunguke, jambo linalouongezea utulivu. Yote haya hutokea kwa muda mfupi sana.

Gundi inayoshika manyoya hayo hupambana na mambo manne. La kwanza ni mshtuko: upote unaposukuma, ufito hupinda na kunyooka kwa kasi, na gundi lazima ipinde nao. La pili ni maji: mvua, umande na jasho la mkono. La tatu ni jua, hasa mshale ukining'inizwa ukutani au ukiachwa juu ya bati. La nne ni mkwaruzo: mshale unapoingia kwenye podo na kutoka, au unapopita ubavuni mwa upinde, kitu cha kwanza kuguswa ni ncha ya mbele ya unyoya.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji "gundi gani ni kali zaidi?" Muulize: gundi gani inashika mti na unyoya, inapinda bila kukatika, na haiogopi unyevu? Gundi kali kuliko zote dukani inaweza kushindwa na mshale kwa sababu tu ni ngumu kama kioo.

Wazee walifanyaje bila duka?

Mishale si kitu cha zamani tu kwetu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi bado wanaitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini walilinda vijiji na mifugo wakiwa na pinde na mishale mikononi. Watu hao hawakusubiri tyubu ya gundi itoke Kariakoo.

Kitu walichotegemea zaidi ni kufunga. Wahadzabe hufunga manyoya kwa kano za mnyama. Ukano mkavu ni mgumu kama waya mwembamba, lakini ukilowana hulainika na kuwa na utelezi. Ukizungushwa kwenye mshale ukiwa mbichi, hujibana unapokauka na hujishika wenyewe bila fundo. Siri yake ni kwamba ndani ya ukano kuna kitu kilekile kinachotengeneza gundi ya kuchemsha ya maseremala wa zamani, ile iliyotokana na ngozi, mifupa na kano. Ukano ni uzi na gundi kwa pamoja.

Pamoja na kano, watu wa sehemu nyingi walitumia utomvu wa miti na nta ya nyuki. Utomvu peke yake ukikauka hupasuka; nta peke yake ni laini mno na huyeyuka juani. Vikichanganywa kwa moto mdogo, kila kimoja hufunika udhaifu wa mwenzake. Sisi wa pwani tuna historia ya utomvu pia. Katika karne ya 19 sandarusi ilichimbwa ardhini Mrima, ikapitia Zanzibar na kusafirishwa hadi Salem kule Marekani na Hamburg kule Ujerumani, ikatengenezwa vanishi.

Ushahidi wa zamani zaidi unatoka mbali. Mwaka 1991, kwenye milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, ulipatikana mwili wa mtu aliyeganda kwenye barafu kwa zaidi ya miaka 5,000. Walimpa jina la Ötzi. Kwenye podo lake kulikuwa na mishale 14, na 2 tu ndiyo iliyokuwa imekamilika. Manyoya yake yalibandikwa kwa lami ya mti, kisha yakazungushiwa uzi mwembamba.

Mhadzabe na Ötzi hawakuwahi kukutana, lakini wote wawili walijua jambo moja: gundi hushika, uzi huzuia. Gundi ikianza kuchoka, uzi unaushikilia unyoya mpaka utakapoutengeneza. Ukichukua jambo moja tu katika makala hii, chukua hilo.

Gundi utakazozikuta Buguruni na Kariakoo

Buguruni ni mahali pazuri pa kumtuma mtu. Ipo pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela, na ukishika Uhuru kuelekea mjini unafika Kariakoo. Maseremala, mafundi viatu na maduka ya hadiwea wapo, na kila fundi ana gundi yake. Ndiyo maana ni rahisi kupewa gundi nzuri isiyofaa kwa kazi yako: fundi viatu atakusifia ya viatu, na fundi simu atakusifia supa gluu. Wote wanasema kweli, kwa kazi zao.

*Gundi nyeupe ya mbao.* Hii ndiyo ya seremala. Ni nzito kama maziwa ya mgando, na ikikauka huwa kama plastiki laini isiyo na rangi. Hukauka kwa kupoteza maji, kwa hiyo inataka muda: nusu saa hadi saa moja kushika, na siku nzima kukomaa. Wakati wa masika mjini Dar es Salaam, hewa ikiwa na unyevu mwingi, mpe zaidi. Faida zake ni nyingi: ni nafuu, haina harufu kali, haishiki moto kirahisi, mkono unasafishwa kwa maji, na ukikosea una dakika kadhaa za kurekebisha. Udhaifu wake ni maji. Ile ya kawaida ikilowana kwa muda mrefu hulainika na kurudi nyeupe. Ipo aina inayohimili maji; muulize muuzaji, na usome kwenye kopo. Kwa manyoya ya ndege kwenye ufito wa mti, hii ndiyo chaguo letu la kwanza.

*Supa gluu.* Hii iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1942 mwanakemia wa Marekani, Harry Coover, alikuwa anatafuta plastiki safi ya kutengenezea vifaa vya kulengea bunduki. Alichopata kilinata kila kitu, akakiweka kando. Ilianza kuuzwa mwaka 1958. Supa gluu haikauki kama rangi. Hugeuka kuwa ngumu ikikutana na unyevu kidogo uliopo hewani na juu ya vitu, ndiyo maana inashika kwa sekunde chache. Lakini ikigeuka ni kavu na inavunjika. Mshale unapopinda kwa mshtuko wa upote, mstari wa supa gluu unaweza kupasuka na unyoya ukatoka mzima mzima. Tena haikupi nafasi ya kurekebisha: ukiuweka unyoya umepinda, umepinda. Itumie kwa tone moja mbele na tone moja nyuma ya unyoya, au kulowesha uzi uliokwisha kufungwa.

*Gundi ya viatu.* Ni ya njano au ya kahawia, na harufu yake kila mtu anaijua. Hupakwa pande zote mbili, unasubiri kama dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, kisha unagandamiza kwa nguvu. Inapinda vizuri na haiogopi maji, na kwa kuvalisha ngozi kwenye mshikio wa upinde haina mpinzani. Kwa manyoya haifai sana. Ni nene, inavuta nyuzi zinazochafua unyoya, na pande mbili zikigusana huwezi kusogeza. Juani hulegea kidogo kidogo, na unyoya huteleza bila wewe kujua.

*Epoksi.* Huuzwa tyubu mbili pamoja. Moja ni gundi yenyewe na ya pili ni ile mafundi wanaiita hadina, inayoifanya iwe ngumu. Hii ndiyo ya kigumba. Mti ukilowana hutanuka na ukikauka hunywea, lakini chuma hakifanyi hivyo. Epoksi hujaza nafasi iliyobaki kati yao na kushika kote. Changanya kiasi sawa cha kila tyubu, isipokuwa maelezo ya pakiti yanasema vingine, na koroga mpaka rangi iwe moja. Watu wengi huongeza hadina wakidhani itakauka haraka. Haikauki haraka, inabaki dhaifu au yenye kunata.

*Gundi ya kuyeyusha kwa moto.* Hivi ni vijiti vya plastiki vinavyoyeyushwa kwa kifaa cha umeme. Ni rahisi kutumia, lakini kilichoyeyuka kwa joto kinaweza kulegea kwa joto. Mshale utakaokaa kwenye gari lililofungwa au juu ya bati saa saba mchana usiuwekee gundi hii.

Nje ya nchi ipo gundi maalumu ya manyoya ya mishale, kama Fletch-Tite ya kampuni ya Bohning ya Marekani, inayotumiwa na wanamichezo wa kulenga shabaha. Usiumize kichwa kuitafuta. Hutumika sana kwenye mishale ya viwandani, ambayo mingi ina manyoya ya plastiki. Kwa ufito wa mti na unyoya wa ndege, gundi ya seremala na uzi vinafanya kazi hiyo.

Ukimtuma mtu, mwambie aangalie nini?

Mwambie akupigie picha ya kopo au pakiti kabla ya kulipa, mbele na nyuma. Angalia mambo haya:

- Tarehe ya mwisho ya matumizi. Gundi nayo huzeeka, hata kama kopo halijafunguliwa.
- Alama ya ubora ya TBS, au jina na anwani ya mtengenezaji vinavyosomeka.
- Kizibo kisiwe kimefunguliwa. Tyubu ya supa gluu ikibonyezwa taratibu iwe laini; ikiwa ngumu, ndani imeshaganda.
- Gundi nyeupe ya kupima, ile inayomiminwa kutoka ndoo kubwa, ajaribu tone moja kwenye kipande cha mbao na kukisimamisha. Ikitiririka kama maji ya mchele, imeongezwa maji. Nzuri hushuka polepole.
- Epoksi iwe na tyubu zote mbili. Tyubu moja ni hasara.

Ukitumiwa mzigo kwa basi, gundi nyeupe haina shida. Gundi ya viatu na thina zinashika moto upesi, kwa hiyo anayepeleka amwambie karani wa mizigo ni kitu gani, asikifiche ndani ya nguo. Basi likiwa na abiria 60 si mahali pa kujaribu bahati.

Manyoya: kabla ya gundi kuna sheria

Hapa ndipo mtu anaweza kuingia matatani bila kujua. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyara za Serikali si pembe za ndovu na ngozi za chui peke yake. Unyoya wa ndege wa porini nao umo. Mshale mzuri wenye manyoya ya tai, ukiuuza kwa mgeni na akakaguliwa uwanja wa ndege, unaweza kuwaletea kesi yeye na wewe. Kuwinda bila kibali nako ni kosa, hata kama upinde ulirithi kwa babu. Wahadzabe ni watu wanaoishi kwa kuwinda tangu enzi. Hali yao si ruhusa ya kila mtu.

Tumia manyoya ya ndege wa kufugwa. Bata mzinga ndiye bora: manyoya ya bawa lake ni marefu, mapana na magumu. Bata bukini naye anafaa. Kanga wa kufugwa anafaa kwa mishale mifupi, na jogoo mkubwa anatosha kwa mshale wa kujifunzia. Wanaochinja ndege hawa kwa kawaida hutupa manyoya, kwa hiyo ukiomba mapema hutakosa.

Chukua manyoya ya bawa, si ya kifuani. Na hili ni la lazima: manyoya yote ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. Ya bawa la kulia hupinda kuelekea upande mmoja, ya kushoto upande mwingine. Ukichanganya, moja linauzungusha mshale huku jingine linauzuia, na hakuna gundi itakayoponya kosa hilo.

Hatua kwa hatua

Andaa kiwembe, msasa laini, kalamu, uzi imara mwembamba, gundi nyeupe na kitambaa chenye maji.

1. Hakikisha ufito umekauka kabisa. Mti mbichi hunywea baada ya kubandikwa, na gundi hubaki imening'inia hewani. Sugua kwa msasa sehemu ya manyoya, kisha pangusa vumbi. Kama ufito ulishapakwa vanishi, iondoe hapo. Vinginevyo gundi itashika vanishi, na vanishi ikibanduka vyote vinakwenda.

2. Pasua unyoya katikati ya uti wake kwa kiwembe, polepole, kuanzia nchani kuelekea shinani. Tumia nusu ile pana. Sugua sehemu ya chini kwa msasa mpaka ikae bapa juu ya meza. Uti wa unyoya una mafuta ya asili. Upanguse kwa spiriti kidogo na uuache ukauke.

3. Kata manyoya matatu yenye urefu sawa, kama sentimita 10 hadi 12. Acha kipande cha uti kisicho na unyoya mbele na nyuma, kiasi cha sentimita 1, kwa ajili ya kufungia.

4. Chora mistari mitatu kwenye ufito, yenye nafasi sawa kuuzunguka. Mstari wa kwanza uwe umekaa kwa kukingama na mwanya unaoingia upote. Unyoya wa hapo utakuwa wa nje, mbali na upinde, na ile miwili mingine itapita bila kugonga. Anza sentimita 3 kutoka mwisho wa mshale, ili vidole vyako visiguse manyoya unapovuta.

5. Paka gundi kwa wembamba kwenye uti wa unyoya. Gundi nyingi si gundi imara. Ikizidi hutoka pembeni, huchafua unyoya na huchelewa kukauka. Ukiona mstari mwembamba tu ukijitokeza, umepatia.

6. Weka unyoya kwenye mstari wake na uubane. Vibanio vya nguo vya mbao au plastiki vinafaa, au pini mbili ndogo mbele na nyuma. Maliza mmoja, subiri ushike, ndipo uende wa pili. Haraka haraka haina baraka. Anayebandika matatu kwa mpigo huishia kushika moja na kupoteza mawili.

7. Acha hadi kesho yake, kivulini, mahali penye hewa.

8. Sasa funga. Anza mbele, zungusha uzi juu ya vile vipande vya uti visivyo na unyoya, mizunguko ikigusana. Kisha peleka uzi nyuma ukizunguka kwa nafasi, ukiupitisha katikati ya nyuzi za unyoya bila kuzilaza, na umalizie kwa mizunguko iliyobanana nyuma. Paka gundi juu ya uzi, au tone dogo la supa gluu kwenye fundo.

9. Pitisha kidole kutoka mbele kwenda nyuma. Ncha ya mbele ya uti isikukwaruze hata kidogo. Ikiwa imesimama, inoe kwa kiwembe na ufunge tena. Ncha hiyo hupita karibu na mkono ulioshika upinde, na imewahi kuchoma watu wengi.

Ukipenda vanishi, ipake kwenye uzi na ufito tu. Unyoya ukipakwa vanishi huwa mzito na mgumu, na hauwezi tena kulala na kuinuka unapopita ubavuni mwa upinde.

Jaribio la ndoo

Kabla ya kutengeneza mishale 50 kwa gundi uliyoletewa, tengeneza vijiti vitatu vifupi, kila kimoja na unyoya mmoja, bila uzi. Viache siku nzima vikomae. Kimoja kizamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Cha pili kiweke juu ya bati kuanzia asubuhi hadi jioni. Cha tatu kipinde kidogo mara nyingi, kama upote unavyofanya, kisha uvute unyoya kwa vidole.

Gundi nyeupe ya kawaida italegea kwenye ndoo lakini itashinda kwenye kupinda. Supa gluu itastahimili zaidi kwenye maji, lakini ndiyo ya kwanza kupasuka ikipindwa. Ya viatu haitajali maji, ila bati litailegeza. Angalia pia mahali ilipoachia. Kama unyoya umechanika na uti ukabaki kwenye mti, gundi yako ni nzuri. Kama uti umetoka safi, ama gundi ni mbovu ama hukusugua kwa msasa. Jaribio hili linakugharimu manyoya matatu. Kulikosa kunaweza kukugharimu mzigo mzima.

Gundi na mwili

Supa gluu ikiunganisha vidole, usivute kwa nguvu, ngozi itachanika. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na uviviringishe taratibu mpaka viachane. Ikirukia jichoni, osha kwa maji mengi safi na uende kituo cha afya upesi. Usilazimishe kope kufunguka, na usitie dawa ya kufutia rangi ya kucha karibu na jicho.

Jambo ambalo wengi hawalijui: supa gluu ikimwagikia pamba huwaka joto kali ghafla na inaweza kuunguza ngozi. Usiifute kwa pamba, kanga wala fulana ya pamba.

Gundi ya viatu na thina hutoa mvuke unaolewesha na kuharibu ubongo. Fanyia kazi nje au penye dirisha wazi, mbali na jiko la mkaa, kibatari na sigara. Usiache kopo wazi mahali watoto wanafika. Tunawajua watoto wa mitaani wanaovuta gundi.

Kwa ufupi

- Manyoya kwenye mti: gundi nyeupe ya mbao, inayohimili maji ukiipata, pamoja na uzi.
- Kigumba cha chuma: epoksi.
- Ngozi ya mshikio: gundi ya viatu.
- Kumalizia fundo: tone la supa gluu.
- Manyoya: ya ndege wa kufugwa, ya bawa la upande mmoja.

Kopo ukishalifungua, futa mdomo wake, lifunge vizuri na ulihifadhi kivulini. Supa gluu iliyobaki itie kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Na ukimfundisha mtoto kazi hii, mwanzishe na uzi kabla ya gundi. Akijua kufunga vizuri, hata siku gundi ya Buguruni isipofika, mshale wake utaruka sawa.